"Abiria wangu hana haraka": Taratibu na injini mpya ya pikipiki ya mazishi

Saa mbili na nusu asubuhi, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira amepiga magoti uani kwake na kusogeza mgongo wa kiganja karibu na silinda ya nyuma ya pikipiki kubwa nyeusi. Injini imenguruma dakika chache tu. Anavuta mkono, anaurudisha, anaitikia kwa kichwa kama mzazi aliyeona homa ya mtoto imeshuka, kisha anaizima na kuchukua kitambaa.

Kitambaa ni cha vioo. Ubavuni mwa pikipiki kimefungwa kigari kirefu cha chuma chenye gurudumu moja, paa jeusi na vioo pande mbili. Ndani kuna reli mbili za mbao zilizopakwa nta hadi zikang'aa. Hapo ndipo jeneza hulala.

Mtaani anaitwa Taratibu. Majirani humwita hivyo, wauguzi wa chumba cha maiti humwita hivyo, na hata watoto wake wawili, ambao sasa wana watoto wao, husahau wakamwita hivyo. Jina limetokana na mwendo. Waombolezaji hutembea kwa miguu nyuma yake, naye huenda kwa hatua zao, kutoka mlangoni hadi makaburini.

"Mwanzoni nilidhani wananicheka," anasema huku akikung'uta kitambaa. "Baadaye nikaona wamenipa jina la kazi yangu. Kuna watu wanafanya kazi miaka thelathini na hakuna anayejua wanafanya nini."

Ana miaka hamsini na mmoja. Kazi hii ameifanya kwa miaka kumi na miwili, na katika muda wote huo, anasema, amepata hofu ya kweli mara moja tu. Ilikuwa mwaka jana, katikati ya kilima cha makaburini, injini ilipokufa akiwa na mtu ndani.

Ili kuielewa hofu hiyo, ni lazima kwanza kuielewa njia. Nyumba za mtaa wake zimebanana. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mtu akifungua dirisha, jirani huinamisha kichwa. Gari la kubeba maiti haliingii. Ukitoka vichochoroni unafika barabara ya lami, na lami hiyo inapinda mara tatu juu ya kilima kabla ya kufika kwenye geti la makaburi.

Mumewe, aliyekuwa fundi wa kufyatua matofali, alifariki wakati wa mvua. Gari la kukodi lilisimama mbali, barabarani, na wanaume wakalibeba jeneza mabegani kwenye tope. Mmoja aliteleza. Jeneza halikuanguka, lakini liliinama, na Taratibu alisikia kitu kikisogea ndani.

Hakulia siku hiyo, anasema. Sauti ile ilikaa naye kwa siku nyingi.

Aliyeiona hali yake alikuwa kaka yake, mchomeleaji vyuma, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Kaka alikuwa na pikipiki kuukuu aliyoinunua kama chuma chakavu kutoka kwenye yadi ya kampuni iliyofungwa. Alikuwa ameifufua kipande kwa kipande. Bila kumwambia mtu, aliifungia kigari ubavuni, akakipima kwa urefu wa mlango wa nyumba ya marehemu mama yao, akakipaka rangi nyeusi, akakileta uani kwa dada yake.

"Alisema, 'Mdogo wangu, hii inapita kwenye vichochoro.' Basi." anakumbuka Taratibu. "Nilikuwa sijawahi kuendesha hata baiskeli. Alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, alfajiri, kabla wachezaji hawajaja kunicheka."

Tangu hapo amebeba watu wa kila aina. Mwezi mzuri hupata safari sita au saba, na kwa mapato hayo, ambayo anayalinganisha na mshahara wa mlinzi wa usiku, amesomesha watoto na kumtunza kaka. Maana kaka sasa macho yamekwisha. Miaka ya moto wa kuchomelea imemwachia mwanga na vivuli tu. Anaishi chumba cha mbele, na kazi yake, kama anavyopenda kusema, ni kusikiliza pikipiki ikirudi.

Siku ya hofu, Taratibu alikuwa amembeba mshonaji nguo mzee aliyeshona sare za nusu ya mtaa. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, na msafara ulikwenda polepole kuliko kawaida kwa sababu mjane wa marehemu, bibi wa miaka zaidi ya sabini, alikataa kupanda gari. Alitaka kutembea.

Injini ya pikipiki hiyo ina silinda mbili zilizotoka kwenye shina moja na kuachana kama herufi V, moja mbele, moja nyuma. Haina maji ya kuipoza. Inategemea upepo. Na upepo huipiga silinda ya mbele kwanza. Ya nyuma hupata mabaki. Pikipiki ikikimbia, mabaki hayo yanatosha. Ikipanda kilima kwa mwendo wa bibi anayetembea, huku imebeba chuma, mbao na mwili wa mtu, silinda ya nyuma hukaa jikoni.

Kwenye kona ya pili Taratibu alisikia injini ikibadilisha sauti, kama mtu anayemeza kitu kikavu. Akabana klachi. Kabla hajafikiri lolote, injini ikakwama na kunyamaza. Akashika breki kwa nguvu zake zote, na pikipiki ikasimama pale mteremkoni na mzigo wake.

"Nilijua nikiachia breki, mzee wa watu anarudi chini kinyumenyume mbele ya watoto wake," anasema. " Nikasema tu kwa sauti ya kawaida, 'Naombeni mawe.'"

Wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha wanaume na wanawake wakavua makoti, wakashika kigari pande zote na kusukuma hadi juu. Taratibu alitembea akiwa ameshika usukani, macho yake yakiwa chini. Hakuna aliyemkaripia. Anasema angeona nafuu kama wangemkaripia.

Jioni ile alimwambia kaka yake kwamba kazi imekwisha. Kaka alinyoosha mkono gizani mwake, akaigusa ile silinda, akaachia pumzi.

Baada ya hapo simu zilinyamaza. Mwezi mzima hakupata safari hata moja. Habari za injini kufa na maiti kilimani zilikuwa zimezunguka mtaa mzima, na kila aliyezisimulia alizitia chumvi. Wapo waliosema jeneza lilifunguka. Taratibu aliifunika pikipiki kwa turubai, akaanza kuulizia kazi ya kufua mashuka hospitalini.

Ndipo siku moja asubuhi mjane wa mshonaji akabisha hodi. Taratibu alimkaribisha, akijua amekuja kudai radhi au fidia. Bibi akakaa, akanywa maji, akauliza afya ya kaka. Kisha akaeleza kilichomleta.

"Mwanangu, mume wangu alisukumwa na watu wote aliowashonea," alisema. "Sijaona mazishi mazuri kama yale. Lakini mimi sikushona nguo za mtu, sidhani kama watanisukuma. Kwa hiyo itengeneze hiyo pikipiki. Siku yangu ikifika nataka unipeleke wewe. Sina haraka, ila usichelewe sana."

Taratibu anacheka anaposimulia, halafu anajifuta macho kwa ule ule mkono wenye kitambaa. Bibi alipoondoka, aliliondoa turubai.

Fundi aliyemwendea anaitwa Kesho. Jina hilo amepewa na wateja wake, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, meza ya mbao iliyolowa oili na ukuta uliochorwa umbo la kila spana mahali pake. Hacheleweshi kazi kwa uvivu, huwa anajitetea. Ni kwamba hawezi kufunga injini ambayo bado ina swali.

Walipofungua injini walikuta pistoni ya nyuma imechubuka ubavu mzima na ukuta wa silinda umekwaruzwa kama ubao wa jikoni. Fundi Kesho alisema angeweza kuirudisha kama ilivyokuwa. Lakini kwa kilima kile na mzigo ule, ingekuwa ni kuahirisha tu. Injini ilikuwa ndogo kwa kazi iliyopewa. Kilichohitajika ni kuikuza: kuweka silinda pana zaidi na pistoni kubwa zaidi.

Swali likawa, kubwa kiasi gani?

Kaka alikuwa na jibu tayari. Alitaka kubwa kuliko zote. Alisikia redioni na kwa vijana wa pikipiki kwamba zipo pistoni zinazoongeza nguvu karibu nusu nzima, na hakuona sababu ya kupunguza. Dada yake asisimame tena kilimani, hilo ndilo lilikuwa moyoni mwake. Kila siku alilirudia wakati wa chakula.

Taratibu akaenda kwa muuza vipuri. Ni kijana mstaarabu mwenye duka safi, na alimtolea boksi lenye silinda zinazong'aa kama vyombo vya harusi. Akamweleza kwamba kwa seti hiyo pikipiki ingefika kilomita mia na sitini kwa saa bila kuhema.

"Mwanangu, abiria wangu hana haraka," Taratibu akamwambia.

Kijana akacheka, kisha akaona mteja wake hacheki. Taratibu akamuuliza seti hiyo ingepata moto kiasi gani ikipanda kilima kirefu kwa gia ya kwanza, kwa mwendo wa mtu anayetembea, imebeba mzigo. Kijana alikiri kwamba hajawahi kuulizwa hivyo. Wateja wake wote huuliza kasi. Akampigia simu aliyemuuzia, wakazungumza muda mrefu, akarudi na kulifunga lile boksi.

"Mama, hii usinunue," alimwambia. "Ni ya kukimbia. Ukiitembeza itaungua."

Taratibu anasema mpaka leo humwombea kijana huyo biashara njema. Angeweza kumuuzia, naye angelipa.

Kaka hakukubali kirahisi. Alisema wenye maduka hawajui kilima chao. Kwa hiyo Taratibu alimshika mkono, akampeleka hadi karakana kwa Fundi Kesho, wakamkalisha kwenye kiti cha gari kilichong'olewa mahali fulani na kubaki pale kama sofa.

Fundi Kesho hakubishana naye. Alitoka nyuma ya meza na silinda iliyotolewa kwenye pikipiki ya kijana mmoja mpenda mbio. Ilikuwa imetanuliwa kupita kiasi ili imeze pistoni kubwa, na haikumaliza hata mwaka. Fundi alikuwa ameikata kwa msumeno ili aone ndani. Akaiweka mapajani mwa kaka.

Mchomeleaji yule aliipapasa. Alipita na kidole gumba ukingoni, pale ambapo chuma kilikatwa, akaurudia ukingo ule mara kadhaa. Taratibu anasema alimwona akibadilika uso.

"Hili ni bati," kaka alisema hatimaye. "Nani anafunga moto ndani ya bati?"

Hapo Fundi Kesho akaeleza, na kwa mara ya kwanza kaka akamsikiliza. Ukuta mwembamba ukipata joto hujipinda. Tundu la duara linakuwa yai, ringi za pistoni haziubani tena ukuta vizuri, oili inapanda, moshi unatoka. Zaidi ya hapo, pistoni zile za mbio hubana hewa na mafuta kwa nguvu sana, na mbano huo huleta joto lingine na kuzipiga beringi za chini kama nyundo. Alifananisha na masufuria. Jembamba huchemka upesi na kuunguza. Zito huchukua muda wake, na chakula hutoka salama.

Ushauri wake ulikuwa silinda mpya kabisa, zilizotengenezwa na kuta nene tangu mwanzo, wala si za zamani kuchongwa hadi zibaki ganda. Pistoni ziongezeke ukubwa kwa kiasi, zenye mbano mdogo. Nguvu ije chini, injini ikizunguka polepole. Na kabla ya kuweka chochote juu, beringi za kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, zibadilishwe, pampu ya oili iwe kubwa zaidi, na pawepo kipoza oili chenye feni ya umeme, ili pikipiki ikikosa upepo ipuliziwe.

Kaka aliuliza nguvu itakayopatikana ni kiasi gani ukilinganisha na ile seti kubwa. Fundi akamwambia ukweli, ni chini ya nusu ya nyongeza ile.

"Wote wawili wakanigeukia mimi," anasema Taratibu. "Kaka yangu haoni, lakini aligeuka. Nikajua sasa ni langu."

Anasema hakufikiria kilima wakati huo. Alifikiria miaka. Atakapofika sitini atakuwa bado anahitaji kuiwasha asubuhi na kuiamini. Alitaka injini ambayo hatakuwa na habari nayo, ambayo itamwacha awaze waliofiwa badala ya kuwaza mashine. Akachagua kuta nene.

Ili kupata vipuri aliuza friji aliyokuwa akiuzia soda na barafu. Fundi Kesho alikataa kuchukua malipo ya ufundi hadi safari zirudi, akisema mama yake mzazi alipelekwa na kigari hicho hicho, na siku ile Taratibu alisimama nje ya geti hadi mtu wa mwisho alipoondoka. Taratibu hakuwa amekumbuka. Amepeleka wengi.

Kazi ilichukua majuma mengi, kila siku ikiishia na lile jibu la kawaida. Taratibu aliacha kuuliza. Alikuwa anafika, anasafisha boliti kwenye mafuta ya taa, anapika chai. Ringi moja haikukaa sawa, Fundi Kesho akafungua upya kazi ya siku mbili bila kulalamika.

Injini ilipowaka, haikupiga kelele kama ilivyotarajiwa. Ilitoa sauti nzito, ya chini. Jirani mmoja wa karakana alisema inaunguruma kama babu anayesafisha koo kabla ya kuongea.

Siku ya kuijaribu walijaza kigari mifuko ya mchanga iliyofikia uzito wa jeneza na mtu mnene. Kaka alidai kupanda nyuma ya dada yake. Hakuna aliyeweza kumzuia. Fundi Kesho alitembea kando, pole pole kama mfiwa, ili pikipiki isipate ruhusa ya kwenda mbio kuliko yeye.

Kona ya kwanza ikapita. Kwenye ya pili Taratibu alihisi mikono ya kaka ikikaza mabegani mwake, akajua na yeye anasikiliza. Feni ikaanza kuvuma. Injini haikubadilisha sauti. Kwenye ya tatu kaka akalegeza mikono.

Juu, mbele ya geti, Fundi Kesho alikuwa akihema kuliko mashine. Aliinama, akasogeza mkono kwenye silinda ya nyuma, akasema ina joto la kazi, si la homa.

"Basi niirudishe lini uiangalie tena?" Taratibu akamuuliza.

"Leo imekwisha," fundi akasema, akakaa kwenye jiwe.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa ya mwalimu wa watoto wadogo. Njia nzima Taratibu alitupa jicho kwenye kioo kutafuta moshi, na kila mara aliona tu watu wakitembea na maua. Walipofika, mtoto wa marehemu alimshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa utulivu wa safari. Hakujua habari yoyote ya silinda wala pistoni. Kwa Taratibu, hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote.

Tangu hapo mwaka mzima umepita, kilima kimepandwa mara nyingi, na Fundi Kesho alipoifungua injini hivi karibuni kukagua, alikuta kuta za silinda bado zina mikwaruzo midogo ya kiwandani, dalili kwamba hazijalika. Malipo yake ya ufundi amekwishapata. Mjane wa mshonaji yu mzima wa afya, na kila akimwona Taratibu barabarani humpungia mkono na kumwambia apite tu, leo siye yeye.

Saa nne kasoro, vioo vimekwisha kung'aa. Taratibu anavaa koti jeusi na glavu. Anamuaga kaka aliyeketi mlangoni, na kaka anamkumbusha kwamba Jumapili si mbali.

Jumapili wana safari yao wenyewe. Mama yao mdogo, aliyewalea walipofiwa na mama, anaishi ng'ambo ya kilima, bondeni, mwendo wa nusu siku. Kwa miaka kumi na miwili Taratibu amefika kwenye geti la makaburi na kugeuza. Hakuwahi kuiamini injini kumpeleka mbele ya hapo na kumrudisha.

Mpango ni kukifungia kigari kiti chenye mkanda, na mchomeleaji wa jirani tayari ametengeneza fremu huku kaka akimwelekeza kwa vidole pa kushikiza. Kaka alilalamika kidogo kwamba anapelekwa kwa mama yake mdogo akiwa amewekwa mahali pa maiti.

"Nimemwambia tofauti ipo," anasema Taratibu, akipiga teke stendi na kuiwasha injini. "Wao wanalala. Yeye atakaa, na vioo nitavifungua apigwe na upepo. Tukifika kwa mama mdogo nataka ashuke mwenyewe kwa miguu yake, amwambie, 'Hiki ni chuma changu, na huyu ni dereva wangu.'"